Kazi ya Sindano: Mwanzo Wake na Mwisho Wake

Kaliua ni mji ulioko magharibi ya Tabora, katika njia ya reli iendayo Kigoma. Na hapo ndipo reli ya Mpanda inapoachana na reli kubwa na kushika njia yake ya kusini. Nchi yake ni ya miombo, na wengi wa watu wake ni wakulima wa tumbaku, mahindi na karanga, na warina asali. Mgeni akikaribishwa katika nyumba za huko, aghalabu ataona juu ya viti na meza vitambaa vilivyofumwa au kudariziwa kwa mkono, na kitandani foronya zenye maua ya nyuzi za rangi. Wakati wa baridi ya asubuhi, mwezi wa Juni na wa Julai, ataona watoto wachanga wamevikwa kofia na soksi za sufu. Vingi vya vitu hivyo havikutoka kiwandani. Vilifanywa na mama au dada wa nyumba, baada ya kazi za shamba na za jiko.

Lakini katika nyumba hizo hizo, chini ya kitanda au juu ya kabati, mara nyingi kuna kapu ambalo mgeni haonyeshwi. Ndani yake mna sweta yenye mkono mmoja, kitambaa cha meza chenye maua katika pembe mbili tu, foronya iliyochorwa ikasahauliwa, na mabonge ya uzi yaliyoshikana kama nyavu. Kazi hizo zilianzwa kwa furaha, wala hazikumalizwa. Fedha ya uzi imekwisha kutoka, na faida haijaingia. Habari hii yaeleza sababu za kazi kuachwa njiani, na namna ya kuianza kazi hata iweze kumalizwa, na jambo la kufanya na kazi iliyokwisha kuachwa.

1. Nguo katika njia ya misafara

Watu wa Unyamwezi wameijua thamani ya nguo tangu zamani. Walikuwako mafundi waliofuma nguo nzito za pamba kwa kitanda cha mfumi, na Mwingereza Richard Burton, aliyefika Tabora mwezi wa Novemba 1857, aliandika habari za ufumaji huo. Lakini misafara ya kutoka pwani ilikuwa ikileta merikani kwa wingi, yaani nguo ya pamba isiyotiwa rangi, iliyopata jina lake kwa kuwa ilitoka Marekani. Ilileta na kaniki, nguo iliyochovywa katika rangi ya nili, kutoka Bara Hindi. Nguo ya ng'ambo ilipozidi kuenea, kazi ya kitanda cha mfumi ikafifia.

Merikani na kaniki ndizo zilizokuwa fedha za safari. Kipimo chake kilikuwa mkono, yaani urefu wa tangu kiwiko hata ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilifanya shuka moja, na mikono minane ilifanya doti. Kwa shuka na doti mwenye msafara alinunua chakula, akalipa ujira wa wapagazi, akatoa hongo kwa watemi ambao alipita katika nchi zao. Mwenye akili alizihesabu nguo zake kabla ya kuondoka Bagamoyo: siku ngapi za njia, watu wangapi wa kulishwa, watemi wangapi wa kulipwa. Asiyehesabu aliishiwa njiani, na msafara ulioishiwa nguo ulikuwa na shida ya kwenda mbele, na shida ya kurudi nyuma.

Habari za David Livingstone zaonyesha jambo hilo. Mwezi wa Oktoba 1871 alirudi Ujiji kutoka Manyema, amechoka na mgonjwa, akitumaini kukuta mali yake iliyotumwa kutoka pwani. Akakuta mtu aliyekabidhiwa mali ile amekwisha kuiuza. Henry Stanley alipomfikia akamsaidia, wakaja pamoja hata Kwihara, karibu na Tabora. Mwezi wa Machi 1872 Stanley akashika njia ya pwani ili ampelekee wapagazi na vifaa, na Livingstone akabaki akingoja katika tembe. Alikuwa mtu wa nia imara, na safari yake aliijua. Hata hivyo alikaa Kwihara hata tarehe 25 Agosti ndipo alipoweza kuondoka. Nia peke yake haikumtosha. Safari yataka vifaa vilivyohesabiwa, na vilivyo mikononi mwa mwenye safari.

Mshonaji naye ana safari yake, ijapokuwa ni ndogo, nayo hukwama kwa namna hiyo hiyo.

2. Kwa nini kazi huachwa njiani

Si haki kusema kwamba kila mwenye kapu lililojaa ni mvivu. Wako wanawake waamkao alfajiri na kulala wa mwisho, na kazi zao za sindano zimelala miaka mitatu. Sababu zake ni tano.

Sababu ya kwanza ni kuanza kazi iliyo kubwa kuliko majira. Katika nchi ya Kaliua mvua huanza kunyesha karibu na mwezi wa Novemba, na kuendelea hata Aprili. Miezi hiyo ni ya kulima, kupanda na kupalilia. Tena tumbaku ikikomaa huchumwa na kukaushwa, nayo ni kazi isiyongoja. Kiangazi ndicho wakati wa sindano. Mtu akianza kitambaa kikubwa mwezi wa Septemba, mvua itamkuta katikati, na sindano itawekwa chini ili jembe lishikwe.

Sababu ya pili ni kuishiwa uzi. Mshonaji hununua uzi kidogo, akitumaini kununua mwingine baadaye. Akirudi dukani haoni rangi ile, au aona iliyo karibu nayo lakini si yenyewe. Nyuzi zinazochovywa siku mbalimbali hazitoki sawasawa kabisa, hata zikiwa na jina moja la rangi. Dukani tofauti haionekani. Juu ya kitambaa huonekana kama kiraka.

Sababu ya tatu ni kosa lililochelewa kuonekana. Mfumaji huhesabu vibaya vitanzi katika safu ya kumi, akaligundua kosa katika safu ya arobaini. Huona uchungu kufumua safu thelathini, huona haya kuendelea na kosa, basi huikunja kazi na kuiweka, akisema, "Nitaitazama kesho."

Sababu ya nne ni uchovu wa katikati. Mwanzo wa kazi una furaha ya jambo jipya, na mwisho wake una furaha ya kukaribia kufika. Bali katikati maua yote yafanana, na mkono wa pili wa sweta ni sawa na ule wa kwanza. Hapo ndipo mshonaji aonapo kwa jirani mfano mpya wa kupendeza, akanunua uzi wa kazi nyingine. Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Na katika kazi ya sindano mara nyingi humponyoka zote mbili.

Sababu ya tano ni kudhani kazi imekwisha, na kumbe bado. Vipande vyote vya sweta vimefumwa: mgongo, kifua na mikono miwili, lakini havikuunganishwa. Maua yote yamedariziwa, lakini pindo halikushonwa. Hatua iliyobaki ni ndogo, na kwa kuwa ni ndogo huahirishwa siku hata siku.

Na kazi iliyoachwa haikai salama. Mchwa wa nchi ya miombo hula kapu na kilichomo. Panya huukata uzi wajengee viota. Unyevu wa masika huleta ukungu wenye madoa meusi. Sindano iliyoachwa ndani ya kitambaa hushika kutu, ikatia doa la rangi ya kahawia ambalo ni shida kutoka. Hata zile duara mbili za mti zinazobana kitambaa kikaze, zikiachwa juu yake miezi mingi, huacha alama ya mviringo.

Tena kuna hasara iliyo kubwa kuliko hizo. Mama akiagizwa foronya na vitambaa kwa ajili ya arusi, hupewa arbuni anunulie nyuzi, na sehemu ya arbuni aghalabu hununua daftari za watoto. Arusi haiahirishwi kwa sababu ya foronya. Siku ikifika na kazi haijaisha, watu wa arusi watanunua za dukani, nao watadai arbuni yao. Mama atakuwa na kitambaa kisichouzika, na deni, na jina baya. Na mwaka utakaofuata kazi itapelekwa kwa mwingine.

3. Kuanza kwa hesabu

Dawa ya sababu hizo nyingi hutumiwa kabla sindano haijachomwa katika kitambaa. Mshonaji mzuri huanza kwa hesabu mbili, hesabu ya siku na hesabu ya uzi.

Hesabu ya siku ni hii. Tuseme kitambaa cha meza kina maua ishirini na manne, na ua moja huchukua jioni mbili. Kazi yote itakuwa jioni arobaini na nane. Mama mwenye watoto hana jioni saba katika juma. Pengine anazo tatu. Arobaini na nane kwa tatu ni majuma kumi na sita, yaani karibu miezi minne. Akianza mwanzoni mwa Juni atamaliza karibu na mwisho wa Septemba, na mvua haijaanza. Akianza Septemba, mvua itamkuta naye hajamaliza. Basi akitaka kuanza Septemba, achague kitambaa chenye maua manane. Nacho kitamalizwa kwa majuma sita hivi.

Hesabu ya uzi hufanywa kwa kushona ua moja la kujaribu juu ya kitambaa chakavu. Uzi wa kudarizi unaouzwa kwa mafungu madogo aghalabu una urefu wa mita 8, nao umesokotwa kwa nyuzi sita nyembamba zinazoweza kutenganishwa. Mshonaji akitumia mbili mbili, fungu moja humpa mita 24 za kushonea. Kama ua moja limekula mita 2 za uzi mwekundu, fungu moja latosha maua kumi na mawili, na maua ishirini na manne yataka mafungu mawili. Mwenye busara hununua la tatu, kwa sababu ya vipande vinavyokatwa na kutupwa. Hununua yote siku moja, katika duka moja. Uzi wa sufu una ukanda wa karatasi, na mara nyingi katika ukanda huo huandikwa namba ya rangi na namba ya mara uliyochovywa. Namba zote mbili zikilingana katika mabonge yote, rangi haitamsaliti.

Mwenye kufuma hana budi kupima jambo la tatu, nalo ni ukubwa wa vitanzi vyake. Hufuma kipande kidogo cha kujaribu, akahesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10. Mikono ya watu haifanani. Mmoja hukaza uzi, mwingine huulegeza. Tuseme mfano wasema vitanzi ishirini kwa sentimita 10, na mgongo wa sweta ya mtoto wataka sentimita 30. Vitanzi vitakuwa sitini. Lakini kama mfumaji ni mwenye kulegeza uzi, na sentimita 10 zake zina vitanzi kumi na sita tu, vitanzi sitini vitampa upana wa sentimita 37 na nusu, na mtoto atapotea ndani ya sweta yake. Kipande cha kujaribu huchukua saa moja. Asiyekifanya huokoa saa hiyo, kisha hupoteza mwezi.

Mwisho, huandika. Karatasi ndogo hutiwa ndani ya mfuko wa kazi, imeandikwa jina la kazi, ukubwa wa sindano, idadi ya vitanzi, na safu aliyofikia. Kazi ikikatizwa na ugonjwa au mgeni au palizi, mwenyewe akirudi hajiulizi alikuwa wapi. Kazi nyingi zimeachwa kwa sababu mwenyewe alisahau hesabu yake, akaogopa kuanza kubuni.

4. Namna ya kuanza uzi na kuumaliza

Kila kazi kubwa imefanywa kwa nyuzi nyingi, na kila uzi una mwanzo wake na mwisho wake. Ajuaye kuanza na kumaliza uzi mmoja amekwisha kujua nusu ya kazi.

Uzi wa kudarizi haukatwi mrefu. Kipimo chema ni mkono mmoja, kile kile kilichopimia nguo za misafara. Nacho ni karibu sentimita 45. Uzi mrefu hujisokota na kufunga mafundo. Tena hupita kitambaani mara nyingi mno, hata ukachakaa na mng'ao wake ukapotea kabla haujashonwa wote.

Mshonaji mzuri hafungi fundo mwanzoni. Fundo hufanya uvimbe unaoonekana kitambaa kikipigwa pasi, na katika kitambaa chepesi hupenya likatokea juu. Badala yake huacha mkia wa uzi wa sentimita 5 upande wa nyuma, akaushika kwa kidole, na mishono minne au mitano ya kwanza huulalia mkia ule ikaushika. Uzi ukibaki urefu wa kidole, hangoji uishe kabisa. Huupeleka nyuma, akaipenyeza sindano chini ya mishono mitatu au minne, akarudi kwa mshono mmoja, ndipo akakata. Wala haruki kutoka ua moja hata jingine kwa uzi ule ule. Kwa maana uzi ulioruka huonekana kama kivuli upande wa juu, na kitambaa kikifuliwa hunaswa ukavuta maua.

Katika kufuma kwa sindano mbili, vitanzi vya kwanza havikazwi. Ukingo wa kofia uliokazwa utambana mtoto kichwa, naye atailia kofia yake mpaka ivuliwe. Mkia wa mwanzo huachwa urefu wa shibiri. Bonge jipya huungwa mwanzoni mwa safu, si katikati, ili miisho ya uzi ifichwe katika mshono wa ubavuni. Mfumaji akikaribia mwisho hutazama uzi uliobaki. Kwa kuwa kufunga vitanzi vya safu ya mwisho kwahitaji uzi wenye urefu wa mara tatu au nne ya upana wa kazi. Wako wengi walioongeza safu moja ya mwisho kwa tamaa, wakaishiwa katikati ya kufunga. Kitanzi cha mwisho kabisa hupitishiwa uzi ndani yake na kuvutwa. Kikiachwa wazi huporomoka, na safu huifuata safu.

Vipande vikiisha kufumwa hufuliwa kwa maji ya uvuguvugu, huminywa bila kusokotwa, hutandazwa kivulini kwa kipimo chake, vikauke. Kisha hushonwa mabega, halafu mikono, halafu mbavu. Kitambaa kilichodariziwa hukunjwa pindo lake mara mbili, likashonwa pande zote. Ndipo hufuliwa, na kupigwa pasi upande wa nyuma, juu ya taulo au blanketi, ili maua yasimame. Kazi hizi huchukua siku moja au mbili nzima, nazo hazina budi kutiwa katika hesabu tangu siku ya kwanza.

Pindo lisidharauliwe, maana nguo huanza kuharibika ukingoni. Iko kazi ya darizi maarufu sana, iitwayo kwa jina la mji wa Bayeux katika nchi ya Ufaransa. Ni kitambaa cha kitani kilichodariziwa kwa nyuzi za sufu katika karne ya 11, chenye urefu wa karibu mita 70. Chasimulia habari za mwaka 1066, Wanormandi walipoiteka Uingereza. Miaka zaidi ya mia tisa imepita, na picha za watu, farasi na merikebu zaonekana wazi. Lakini ncha yake ya mwisho imepotea, wala hakuna ajuaye kwa hakika habari ile ilimalizwa kwa picha gani.

5. Kapu la kazi zilizoachwa

Mambo hayo yamfaa mtu anayeanza leo. Lakini mwenye kapu lililokwisha kujaa afanye nini?

Katika nyumba moja ya Kaliua, mwanzoni mwa baridi, mama alikuwa karibu kujifungua, wala hakuna nguo ya sufu iliyokuwa tayari. Bibi alikuja kukaa naye. Mjukuu wake, msichana wa darasa la saba, akampokea mzigo, akamwambia, "Shikamoo, bibi." Bibi akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu. Niletee kapu la kazi la mama yako, nasikia linalala chini ya kitanda." Akatandika mkeka akamwaga vyote juu yake.

"Bibi, mbona unavitoa vyote?"

"Kilichomo ndani ya kapu hakihesabiki, mjukuu wangu. Tukipange tukione."

Wakapanga mafungu matatu. Fungu la kwanza lilikuwa la kazi zilizokaribia kwisha. Humo mlikuwa na foronya mbili zilizopungukiwa na jani moja na pindo. Bibi akasema hizo zimalizwe kwanza, maana kazi yake ni ya jioni mbili tu, na jambo moja lililokwisha humpa mtu moyo wa kufanya la pili.

Fungu la pili lilikuwa la kazi zilizopitwa na wakati. Humo mlikuwa na sweta ya manjano, ina mgongo, na kifua, na mkono mmoja. Bibi akaiinua. "Kaka yako alipoanziwa sweta hii alikuwa akitambaa. Sasa huchunga mbuzi. Hii tutaifumua."

Msichana akasikitika. "Lakini bibi, mama aliifuma majuma mengi. Tukiifumua, kazi yake yote itapotea."

"Kazi imekwisha kupotea, mjukuu wangu. Uzi ndio ambao bado haujapotea. Lakini kitu ni cha mama yako. Nenda kamwulize kwanza."

Mama akakubali. Wakaanza kufumua kutoka mwisho wa kila kipande, wakiuzungusha uzi katika mgongo wa kiti. Kisha wakaufunga mahali pane usichanganyike, wakaufua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, wakauning'iniza kivulini na kijiti chepesi kimefungwa chini yake, ili mikunjo inyoke. Ulipokauka wakaukunja bonge bila kuukaza. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu sentimita 35 kwa kukizunguka, basi uzi wa mgongo peke yake ulitosha kofia, na uliobaki ukatosha soksi. Wakaanza na kofia, kwa sababu mtoto mchanga hupoteza joto jingi kwa kichwa. Kofia ikaisha siku ya nne, na soksi siku ya kumi. Mtoto alipozaliwa alivikwa.

Fungu la tatu lilikuwa la kazi zinazoweza kugeuzwa. Kitambaa cha meza chenye maua katika pembe mbili hakikuwa na uzi wa kukimalizia, na rangi ile haikuonekana tena sokoni. Bibi akakikata, pembe zile mbili zikawa vitambaa viwili vya kufunikia sinia, vikashonwa pindo. Maua yenyewe hakuyafumua, kwa kuwa uzi wa kudarizi ukiisha kushonwa huwa umechakaa, haufai kushonewa tena kama uzi wa sufu.

Baadaye bibi aliweka sheria ya nyumba. Kazi zilizoanzwa zisizidi mbili, moja kubwa ya kukaa nayo nyumbani, na moja ndogo ya kuchukuliwa mkononi wakati wa kungoja gari la moshi au zamu ya kliniki. Mfano mpya ukionekana kwa jirani, unakiliwe katika daftari, nao ungoje zamu yake. Kapu lifunguliwe mara mbili kwa mwaka, mvua zinapokoma, na tena kabla hazijaanza.

Kufumua si aibu, na kugeuza si kushindwa. Vyote viwili ni namna ya kumaliza. Lililo na hasara ni kuiacha kazi gizani bila kuiamulia neno, mpaka mchwa waiamulie. Na aanzaye kazi mpya ajiulize siku ile ile ya kununua uzi: itamalizwa lini, itamalizwa kwa uzi upi, na ni nani atakayeivaa.

Maswali

1. Shuka moja ilikuwa mikono mingapi? Doti je?
2. Kwa nini Livingstone alikaa Kwihara tangu Machi hata Agosti 1872?
3. Taja sababu tano za kazi ya sindano kuachwa njiani.
4. Kitambaa kina maua kumi na manane. Ua moja huchukua jioni mbili, na mshonaji ana jioni tatu katika juma. Atamaliza baada ya majuma mangapi?
5. Ua moja hula mita 3 za uzi, na fungu moja hutoa mita 24. Maua kumi na manane yataka mafungu mangapi?
6. Kwa nini uzi wa sufu waweza kufumuliwa na kutumiwa tena, na uzi wa kudarizi haufai?
7. Tazama kazi moja iliyoachwa nyumbani kwenu. Andika ni ya fungu gani kati ya mafungu matatu ya bibi, na sababu yake.